Mkao wa Nyuzi

Kosa lenyewe lilifanyika mchana kweupe, dirisha likiwa wazi, na mtu aliyelifanya alikuwa amenawa mikono kwanza.

Alikuwa fundi wa cherehani, mke wa dereva wa malori, mama wa binti mmoja aliyekuwa akisoma shule ya bweni. Mtaani walimwita Fundi, nasi tumwite hivyo hivyo. Kusoma alijifunza ukubwani, mtoto akiwa mgongoni, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo aliamini kwamba anayeruka herufi ya kwanza atajikwaa kwenye ya mwisho. Kitambaa hakukikata mpaka akilowanishe, akianike, akipige pasi, ndipo akipime. Majirani walimtania kwamba akialikwa kwenye sherehe hufika wakati viti bado vinashushwa. Alicheka nao, lakini tabia ni ngozi, haivuliwi.

Ndiyo maana siku alipoamua kujifunza gitaa kwa masomo ya mtandaoni hakukimbilia wimbo. Alitafuta somo la kwanza kabisa.

Gitaa halikuwa lake. Lilikuwa la baba mkwe wake, mzee aliyepiga gitaa la solo katika bendi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hata jina lake likamezwa na kazi yake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mzee Solo. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi nusu, mkono haukurudi. Mdomo ulibaki mzima, tena ukawa mkali kuliko zamani, kana kwamba nguvu zote za ule mkono zilihamia huko. Alikaa kwa mwanawe, na kwa kuwa mwanawe alikuwa barabarani muda mwingi, alikaa kwa mkwewe hasa. Gitaa lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake, ndani ya mfuko wa kitambaa cha khaki ambao Fundi mwenyewe aliushona kutokana na mabaki ya sare za shule.

Hakuna aliyekatazwa kuligusa. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye Fundi alilitafuta sana katazo hilo katika kumbukumbu zake, apate angalau kujua amevunja amri gani. Hakulipata.

Siku za mazoezi ya viungo, jirani yao, muuguzi mstaafu, alikuja na kiti cha magurudumu akamchukua mzee kwenda zahanati. Fundi alitumia nafasi hiyo kusafisha chumba. Siku moja akiufungua mfuko wa khaki apanguse vumbi, kitambaa chake kilipita juu ya nyuzi zote sita kwa pamoja, nazo zikalia. Ulikuwa mlio asioujua, wenye huzuni kidogo, kama mtu aliyeanza kusema jambo kisha akaona bora anyamaze. Fundi alisimama na kitambaa mkononi mpaka mlio ukaisha wote. Alikuwa mtu mzima mwenye miguu iliyozoea pedali na macho yaliyozoea pindo, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe tu. Sasa alikitaka. Alitaka mikono yake ijue jambo lingine zaidi ya kuunganisha vitambaa vya watu.

Binti yake alikuwa amemwachia simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni. Humo ndimo alimompata mwalimu, kijana mwenye kofia na sauti ya mtu anayeuza dawa ya meno.

"Rafiki yangu," alisema mwalimu, "usiguse kitu kabla hatujaweka nyuzi sawa. Gitaa lisilo sawa litakufundisha uongo, na uongo ukizoea vidole hautoki."

Fundi alimpenda papo hapo. Huyu naye alianza mwanzoni.

Mwalimu alimwonyesha chombo cha kuweka kwenye simu. Ukiugonga uzi, mshale unatikisika kwenye kioo, na kijana anakwambia kaza au legeza kwa kuzungusha yale masikio ya chuma kwenye kichwa cha gitaa, mpaka mshale usimame katikati ugeuke kijani. Fundi alinawa mikono, akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mkwewe, akaanza na uzi mnene. Mshale ulikuwa mbali, umelala upande kama mlevi. Akakaza taratibu. Uzi ukalalamika, naye akaogopa, akapumua, akaendelea. Mmoja baada ya mwingine. Mshale wa uzi wa mwisho ulipogeuka kijani alihisi fahari ya mtu aliyemaliza kupiga pasi rundo zima la nguo. Hakupiga hata sauti moja ya ziada siku hiyo. Alirudisha gitaa mfukoni, mfuko msumarini, shingo ikielekea dirishani kama alivyoikuta.

Yaliyofuata yalikuwa matamu, na utamu huo ndio uliomtesa baadaye. Mwalimu alimfundisha skeli, ngazi ya sauti, unapanda uzi kwa uzi na kushuka bila kuruka kipandio. Ngazi aliielewa. Ncha za vidole vyake vya mkono wa kushoto ziliwaka moto, zikachubuka, zikapona zikiwa ngumu. Alijifunza kushika nyuzi kadhaa pamoja zikalia kwa mapatano, kisha akajifunza wimbo mmoja rahisi wa kubembelezea mtoto. Akiwa kwenye cherehani, mguu wake ulihesabu mapigo, na mteja mmoja alimuuliza kwa nini pindo la sketi yake linaonekana kama limeshonwa na mtu anayecheza.

Lakini hakumwambia mzee. Angemwambiaje? Mtu amelala chini ya kitu kilichokuwa pumzi yake, mkono wake umekaa juu ya shuka kama glavu iliyosahauliwa, halafu wewe mwenye mikono miwili mizima unakuja kumweleza kwamba unapanda ngazi. Aliona ni ukatili. Kwa hiyo alificha. Hakuwa ameiba kitu, ila alikuwa na mambo yote ya mwizi: kusikiliza magurudumu ya kiti njiani, kukunjua shuka alipokalia, kurudisha kitu kilivyokuwa.

Asubuhi moja, alipokuwa akimfunga mzee vifungo vya shati, mzee alisema, "Mkwe, Jumapili nina mgeni. Tafuta kikombe kikubwa. Yule hunywa chai kama trekta."

"Nani huyo, baba?"

"Besi."

Fundi alimfahamu kwa kusikia. Alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi ile ile, rafiki wa mzee, na mzee hakuwahi kumtaja bila kumtukana kidogo.

"Anakuja kukusalimia?"

"Kunisalimia angepiga simu, bahili yule. Anakuja kuchukua wimbo."

"Wimbo gani?"

Mzee aliinua kidevu ili kifungo cha juu kifungwe. "Wa mama yenu," akasema. Alimaanisha marehemu mke wake. "Niliutafuta tangu alipofariki. Maneno nilipata mapema, na sauti ya kuimba ninayo mpaka leo, lakini kila nikiimba inaelea tu hewani, haina sakafu. Basi nikaanza kuchezea nyuzi. Unajua nyuzi zina mkao wake wa kawaida, ule wanaofundishwa watoto? Huo ulikataa. Nikalegeza huu, nikakaza ule, miezi na miezi, kwa mkono tu, bila kufikiri. Siku moja mkono ukafika. Nikapiga mara moja, nikasema, haya, mama, umekuja. Nikatundika gitaa, nikalala. Asubuhi yake ndipo nilipoanguka."

Kifungo kilikuwa kimeingia tundu lisilo lake. Fundi alikifungua, akakiingiza tena palepale.

"Sasa mimi mwenyewe siwezi kukwambia ni mkao gani," mzee aliendelea. "Mkono ndio uliojua, na mkono umekufa. Lakini nyuzi zile hazijakazwa wala kulegezwa. Ziko kama nilivyoziacha. Besi atapiga, atasikia, atanakili mkao, na vijana wake wataurekodi wimbo. Baada ya hapo hata nikiondoka, niondoke. Mbona unatetemeka?"

"Baridi, baba."

"Baridi gani na jua lote hili?"

Fundi alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji, na maji yalikuwa yamemwagika muda mrefu ndipo alipogundua kwamba hakuweka chombo chini yake.

Siku ya mazoezi iliyofuata hakusafisha chumba. Mara kiti cha magurudumu kilipopinda kona alilishusha gitaa, akakaa chini sakafuni, akafumba macho, akajaribu kuusikia tena ule mlio wa siku ya kwanza. Aliukumbuka kwamba ulikuwepo. Aliukumbuka jinsi alivyosimama. Lakini mlio wenyewe ulikuwa umekwenda, kama ndoto ambayo umebaki na jasho lake tu. Alimtafuta mwalimu wa kwenye simu, na mwalimu, kwa sauti yake ile ile ya dawa ya meno, akasema mikao ya nyuzi ni mingi sana, kila mpigaji anaweza kubuni wake, na huo ndio uzuri wa gitaa, rafiki yangu.

Alizungusha masikio. Alilegeza wa chini, akakaza wa juu, akapiga. Hapana. Akabadilisha. Kila mlio ulifanana na ule kwa mbali, kama ndugu wa mtu usiyemwona, na kila alipodhani amekaribia hakuwa na njia ya kujua amekaribia nini. Uzi mwembamba ulianza kulia vibaya, akaogopa usikatike. Mwishowe alirudisha zote kwenye kijani, kwa aibu, kwa kuwa hakujua pengine pa kuziweka.

Aliamua kumwambia kabla ya Jumapili. Aliamua wakati wa chai.

"Baba."

"Naam."

"Sukari imetosha?"

Aliamua tena wakati wa chakula cha mchana.

"Baba, nilitaka..."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka kujua kama nikuongezee mto mgongoni."

"Ulishaniongezea. Ukiongeza mwingine nitatokea kwa jirani."

Jumapili ilifika ikamkuta bado amelimeza neno lake.

Besi alikuwa mzee mpana, mwenye mwendo wa polepole na viatu vilivyong'arishwa. Aliingia akiwa na fimbo asiyoihitaji sana, akamtazama mwenzake kwa muda, na Fundi aliona jinsi alivyouma mdomo kabla ya kutabasamu.

"Solo," akasema. "Umekonda mpaka umefanana na gitaa lako."

"Nawe umenenepa mpaka umefanana na spika. Kaa. Umekuja na vidole au umeviacha?"

"Vipo."

"Vya nyuzi nne tu. Leo utashika sita. Ukipotea, uliza njia."

Walicheka wote wawili, na kicheko chao kilikuwa cha watu waliowahi kulala safarini nyuma ya lori la vyombo vya bendi. Fundi alileta chai katika kikombe kikubwa. Mzee akamwagiza ashushe gitaa. Alilishusha. Mfuko wa khaki alioushona mwenyewe ulimshinda kufungua kwa mara ya kwanza. Akampa Besi, akarudi akasimama mlangoni na sinia mkononi, kwa kuwa hakuweza kubaki wala hakuweza kuondoka.

"Usiguse masikio," mzee alionya. "Piga zote wazi, polepole, kutoka juu kwenda chini. Kisha nyamaza."

Alifumba macho kusubiri. Uso wake, ambao ugonjwa uliuvuta upande, ulitulia ukawa kama wa kijana.

Besi akapiga.

Mzee hakufumbua macho mara moja. Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyefunguliwa mlango na mtu asiyemjua.

"Tena," akasema.

Besi akapiga tena. Kisha akagonga uzi mmoja mmoja, akisikiliza kwa sikio lililoinama. "Solo, hili gitaa limekaa kama la mtoto wa kwaya. Mkao wa kawaida kabisa."

"Haiwezekani."

"Sikiliza mwenyewe."

"Nasikia. Nasema haiwezekani."

"Labda nyuzi zimelegea kwa kukaa," alisema Besi, kisha akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Nyuzi zikilegea zinapotea, hazilegei zikaenda kusimama sawasawa namna hii."

Ilikuwa sasa. Kilichotakiwa ni neno moja tu, na Fundi akalihamishia sinia mkono mwingine.

Besi aliweka gitaa mapajani, akasema kwa upole, upole ule unaotumiwa kwa wagonjwa, "Ndugu yangu, ule ugonjwa ni mkubwa. Huchanganya siku. Mke wangu alipokuwa hoi alinitafuta nyumba nzima, nami nimekaa kando yake nimemshika mkono. Pengine siku ile ulitamani tu kuupata mkao. Ukalala ukaota umeupata."

"Niliota," alisema Mzee Solo.

"Nasema pengine."

Mzee aliutazama mkono wake wa kushoto. Aliuinua kwa ule wa kulia, akauweka juu ya goti kama mtu anayemketisha mtoto. Alipoinua macho, Fundi hakuona hasira ndani yake. Aliona woga, na hakuwahi kumwona mzee huyu akiogopa, hata siku ile alipobebwa kutoka sakafuni.

"Mkwe," aliita. "Njoo hapa. Wewe ndiye unayekaa nami. Yapo mambo mengine niliyowahi kukwambia ambayo hayakuwapo? Nisikie kwako. Kama kichwa nacho kinaondoka, niambiwe nyumbani, nisije nikawa mzee wa kuchekwa barabarani."

Sinia liligonga ukingo wa meza. Fundi alipiga magoti.

"Hukuota, baba," akasema. "Kichwa chako ni kizima. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilizikaza. Nilikuwa najifunza kwenye simu, siku zile unazokwenda mazoezi. Somo la kwanza lilisema niweke nyuzi sawa, nami nikaziweka. Sikujua kama tayari zilikuwa sawa kwa jambo lingine. Uliponieleza habari ya wimbo nilitaka kusema, nikashindwa. Kila siku nilitaka, na kila siku nikakuuliza habari ya sukari."

Besi aliinama akauficha uso ndani ya kikombe, ingawa chai ilikuwa imekwisha.

Mzee akasema kitu ambacho Fundi hakukitegemea. "Kwa hiyo zilikuwapo kwenye mkao ule."

"Zilikuwapo, baba. Nilizisikia. Nilikuwa napangusa vumbi, kitambaa kikazigusa, zikalia. Kwa ajili ya mlio ule ndiyo nikataka kujifunza."

"Ulizisikia." Alivuta pumzi, na woga ule ukamtoka usoni, taratibu, kama maji yanavyoondoka kwenye kitambaa kilichokamuliwa. "Besi, umesikia? Sikuota."

"Nimesikia."

"Ulisema nimeota, wewe mtu wa nyuzi nne."

"Nilisema pengine."

Lakini furaha ile haikudumu, maana nyuma yake kulikuwa na jambo la pili, na mzee alilifikia. "Zililiaje?" alimuuliza Fundi. "Imba. Hata kwa mluzi."

Fundi alifungua kinywa. Alijaribu sauti moja, akaiacha. Alijaribu nyingine, akaisikia ikigeuka kuwa ngazi ya mwalimu, kipandio kwa kipandio, safi, ya kawaida, isiyo na maana yoyote. Akafunga kinywa. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungekuwa kuomba aonewe huruma.

"Nipe mkono," alisema mzee. "Huo mwingine."

Alimpa wa kushoto. Mzee alipitisha kidole gumba chake juu ya ncha za vidole vyake, mojamoja.

"Nilijua unapiga," akasema. "Sindano haioteshi sugu upande huu. Kila ulipokuwa ukinifunga vifungo nilikuwa nikizisoma, wiki hii kidole cha pili, wiki ile cha nne. Nikawa nafurahi peke yangu kama mjinga. Nikajisemea, anatafuta njia kwenye nyuzi zangu, atakapopotea atakuja kuniuliza. Ningesema neno moja tu, usingezikaza. Nikaona nisubiri, niwe nimekushika ukiwa fundi kamili, nikutanie." Aliuachia ule mkono. "Haya. Tokeni kidogo. Wote wawili. Na hilo gitaa liacheni kitandani."

Nje, kwenye ngazi za mlango, Besi alisimama akiegemea fimbo yake. Fundi alisubiri aambiwe jambo, liwe la kumchapa au la kumfariji.

"Nimepiga naye ujana wangu wote," alisema Besi hatimaye, "sijawahi kumwona akikosa mlio anaoutaka. Sikulaumu, mwanangu. Ila sikwambii usijilaumu. Hilo silijui." Akaenda zake, akisahau kuaga.

Siku zilizofuata mzee alikuwa na adabu. Hakuna adhabu iliyomwumiza Fundi kama ile adabu. Alishukuru kwa chai. Alishukuru kwa shati. Hakutania mito wala chumvi, na hakumwita tena mkwe. Alimwita Fundi, kama wateja wanavyomwita, kama mtu aliyekuja kuchukua suruali yake. Mume wake alipopiga simu kutoka safarini akauliza habari za nyumbani, Fundi alimweleza yote, na mume alivuta pumzi ndefu, akasema, "Mama watoto, hilo hata mimi sijui nikae upande gani." Simu ya binti yake aliifungia kabatini. Vidole vyake vilianza kulainika, naye akavichukia kwa kulainika, kisha akajichukia kwa kuvihurumia.

Asubuhi moja alikuwa akishona kola ya sare, ndipo sauti ikatoka chumbani.

"Fundi."

"Abee, baba."

"Nyuzi ulizozisimamisha zifundishe kukaa. Njoo ulishike."

Aliingia. Gitaa lilikuwa bado kando ya mto pale lilipoachwa siku ile. Mzee alikuwa amelala nalo. Alimwonyesha kiti. Fundi aliketi, akaliweka mapajani, na mbele ya mkwewe mikono ilimwonea haya kuliko hata ulimi.

"Nitaimba," alisema mzee. "Sauti ya kuimba sijaipoteza. Wewe zungusha, mimi nitasema siyo au ndiyo. Anza na mnene. Legeza."

Alilegeza. Mzee aliimba mstari mmoja, kwa sauti iliyokwaruza, wimbo wa mtu anayemwuliza mwenzake kama amefunga mlango. Fundi aliusikia kwa mara ya kwanza, na alielewa sasa alichokaza siku ile, uzi kwa uzi, kwa mikono misafi.

"Siyo," alisema mzee. "Zaidi. Siyo. Umepita. Rudi. Unazungusha kama unafunga gunia. Polepole."

"Baba, tukiukosa?"

"Tumeshaukosa. Zungusha."

Walikwenda hivyo mpaka jua likahama kutoka kitandani hadi ukutani, na kola ya mtu ikabaki nusu chini ya mguu wa cherehani. Mara moja mzee aliacha kuimba, akainua kidole. "Huo. Huo usiuguse tena." Fundi alikata kipande cha uzi mwekundu kutoka kwenye bobini iliyokuwa mfukoni mwake, akakifunga kwenye sikio la uzi ule, fundo dogo, kama anavyoweka alama mahali pa kifungo. Masikio mengine yalibaki matupu. Usiku ule alipolala, ule wekundu ulikuwa ndicho kitu pekee alichoweza kukifikiria bila kuumia.

Walirudia kesho yake, na siku nyingine, kila mzee alipokuwa na pumzi ya kuimba. Siku nyingine alikuwa mkali, siku nyingine alisinzia katikati ya mstari, naye Fundi akasubiri bila kugusa kitu mpaka aamke. Hakumsamehe kwa maneno. Fundi naye hakumwomba, aliona ombi hilo lingekuwa mzigo mwingine wa kumbebesha mgonjwa.

Kisha ikaja asubuhi ambapo mzee alisikiliza uzi wenye alama, akasikiliza tena, akageuza uso upande wa ukuta.

"Fungua hilo fundo lako," akasema. "Nao siyo. Siku ile nilikuwa nimechoka, nikasema ndiyo."

Fundi alitazama lile fundo. Alilifungua kwa kucha, akaweka kipande cha uzi juu ya goti, akalisogeza gitaa karibu na kifua.

"Nianze na upi, baba?"

"Mnene," alisema mzee, akakohoa kusafisha koo.